Joginder Singh: Fundi aliyegeuza gari kuukuu kuwa hazina

MAREHEMU Joginder Singh aliposhinda mbio za East African Safari mwaka wa 1965, gari alilokuwa akiliendesha halikuwa jipya. Lilikuwa Volvo PV544 lililokwisha kutumiwa na timu ya kiwanda cha Volvo, kisha likauzwa. Yeye na nduguye, Jaswant Singh, walilichukua, wakalifumua na kulifunga upya kwa mikono yao, wakawashinda nalo madereva waliokuja na magari yaliyotoka kiwandani yakiwa bado yanang'aa.

Kwa mnunuzi wa kawaida wa magari mjini Wote au Kitui, habari hiyo inakwenda kinyume na yote anayoyajua kuhusu soko. Gari lililotumika hupungua bei kila kukicha. Probox iliyobeba abiria na magunia ya ndengu baina ya Kitui na Mutomo kwa miaka mitano haiwezi kurudisha fedha zilizoinunua. Kila kilomita iliyosomeka kwenye dashibodi ni hasara kwa mwenyewe.

Hata hivyo, lipo soko jingine ambalo mambo yake ni kinyume. Katika soko hilo, matope ya zamani, jina la dereva aliyekwisha kufa na kipande cha karatasi kilichogongwa mhuri vinaweza kupandisha bei ya gari kuukuu mara kumi, hata mara mia. Ni soko la magari ya kasi ya kale, yaliyo machache, ambayo matajiri wa Ulaya, Marekani, Japani na Ghuba huyawinda kama wengine wanavyowinda michoro ya wasanii mashuhuri.

Anayetaka kuelewa bei hizo zinatoka wapi hana haja ya kwenda Paris wala California. Maisha ya Joginder Singh, na barabara za Ukambani ambako sehemu ya sifa za Safari ilijengwa, vinatosha kumfunza.

MTOTO WA GEREJI

Joginder Singh Bhachu alizaliwa Kericho mnamo Februari 9, 1932. Baba yake, Sardar Battan Singh, alikuwa amehamia Kenya kutoka Punjab na alikuwa na gereji. Humo ndimo mtoto alimojifunza kazi: kusikiliza injini kabla ya kuifungua, kutambua springi iliyokaribia kukatika, na kutotupa kitu ambacho bado kinaweza kutengenezwa.

Familia yake ilikuwa sehemu ya jamii ya Masingasinga ambayo mafundi na maseremala wake walikuwa wameingia nchini tangu siku za ujenzi wa reli, baina ya 1896 na 1901. Alama yao mojawapo iliyo wazi zaidi ipo katika Kaunti ya Makueni. Ni hekalu la Makindu, lililojengwa mwaka wa 1926 na Masingasinga waliofanya kazi ya reli, ambamo hadi leo msafiri wa dini yoyote hupewa chakula bila kulipa.

Baada ya gereji ya baba yake, Joginder alifanya kazi ya doria katika chama cha wenye magari cha Afrika Mashariki. Kazi hiyo ilimpeleka barabarani kuwasaidia wenye magari waliokwama, na pengine ndiyo iliyomwandalia sifa yake kubwa ya baadaye. Alijua gari huharibikia wapi na kwa nini. Alipoingia katika mashindano mwishoni mwa miaka ya 1950, akiwa na umri wa miaka 26 hivi, wengi wa wapinzani wake walijua kuendesha. Yeye alijua kuendesha na kutengeneza.

Safari yenyewe ilikuwa bado changa. Ilianzishwa mwaka wa 1953 kuadhimisha kutawazwa kwa Malkia Elizabeth wa Pili, ikapita Kenya, Uganda na Tanganyika, na mwaka wa 1960 ikapewa jina la East African Safari. Ilifanyika wakati wa Pasaka, msimu ambao mvua za masika huanza. Ratiba hiyo peke yake ilikuwa mtihani.

NJIA ZA UKAMBANI

Njia ya mashindano ilibadilika mwaka hadi mwaka, lakini dereva aliyetoka Nairobi kuelekea Pwani kwa barabara kuu hakuwa na budi kupita eneo ambalo leo ni Kaunti ya Makueni: Sultan Hamud, Emali, Makindu, Kibwezi na Mtito Andei. Kabla ya lami kuenea kote, barabara hiyo ilikuwa vumbi jekundu wakati wa kiangazi na utelezi wakati wa mvua.

Aliyeiacha barabara kuu pale Kibwezi na kushika njia ya Kitui alikutana na mambo magumu zaidi. Alivuka Mto Athi, akapita Ikutha na Mutomo, mahali ambapo mito ya msimu kama Tiva huwa mchanga mtupu asubuhi na mafuriko jioni mvua inaponyesha milimani. Kuna kokoto zinazopasua magurudumu, na kuna udongo mweusi ambao ukilowa hunata kwenye tairi hadi gurudumu likaacha kuzunguka. Upande wa pili, vilima vya Mbooni na Kilungu vina kona ambazo dereva asiyezijua huziona akiwa ameshachelewa.

Barabara kama hizo ndizo zilizoipa Safari jina duniani. Mnamo 1963 na tena 1968, ni magari saba tu yaliyofika mwisho. Kiwanda kilichoshinda Safari kilikuwa na haki ya kumwambia mnunuzi wa Ulaya, Asia au Afrika kwamba gari lake haliogopi kitu. Kwa hiyo viwanda vilituma timu kila mwaka, vikatumia fedha nyingi, na mara nyingi vikarudi kwao mikono mitupu.

Mwendeshaji wa kigeni aliyekuja kwa pupa aliondoka na gari lililovunjika. Hadi mwaka wa 1972, Hannu Mikkola wa Finland aliposhinda akiwa na Ford Escort, hakuna dereva kutoka ng'ambo aliyekuwa ameutwaa ushindi huo. Wenyeji walijua lini pa kukimbia na lini pa kutembea.

USHINDI WA 1965

Volvo PV544 halikuwa gari adimu. Kiwanda kilitengeneza zaidi ya 240,000 kuanzia 1958 hadi 1965, mwaka ule ule wa ushindi wa Joginder. Lilikuwa gari la familia, lenye mgongo wa duara kama kobe, ambalo walimu na madaktari wa Sweden walilitumia kwenda kazini. Volvo walikuwa wamegundua kwamba mwili wake mgumu ulifaa mashindano, na dereva wao Tom Trana alishinda nalo mbio za RAC nchini Uingereza mnamo 1963 na 1964. Safari ilikuwa imewashinda.

Joginder na Jaswant walianza mashindano ya 1965 wakiwa na namba moja mlangoni. Kuanza mbele hakukuwa bahati njema, kwa kuwa gari la kwanza ndilo linalogundua daraja lililochukuliwa na maji na ng'ombe waliolala barabarani. Walimaliza wakiwa wa kwanza. Ndugu wawili, Wakenya, miaka miwili tu baada ya uhuru, walikuwa wamefanya kwa gari la mtumba jambo ambalo wenye kulitengeneza hawakuliweza kwa gari jipya.

Hapa ndipo somo la kwanza la soko lilipo. PV544 la kawaida lililotunzwa vizuri hupatikana Ulaya kwa bei ambayo mtu mwenye kipato cha wastani anaweza kuimudu. Chuma ni kile kile, injini ni ile ile. Kinachoweza kulitenga gari moja na mengine 240,000 ni nani alilishika usukani, wapi, na kwa matokeo gani. Muuzaji wa gari la aina hiyo hatozi fedha za chuma. Anatoza fedha za habari, na habari hiyo ni lazima iwe ya kweli.

ALIYESHINDWA AKAWA GHALI

Baada ya 1965, Joginder hakutoweka. Alimaliza wa pili mnamo 1969 akiwa na Volvo 142S, na wa pili tena mnamo 1970 akiwa na Datsun 1600 SSS. Kati ya Safari 22 alizoshiriki maishani mwake, alimaliza 19. Katika mashindano ambayo nusu ya magari au zaidi yalikuwa yakiachwa njiani, hesabu hiyo inaeleza tabia yake kuliko vikombe. Alikuwa na huruma na gari. Alilisukuma pale lilipoweza, akalibembeleza pale lilipochoka.

Mwaka wa 1974 alirudi kileleni. Safari hii aliendesha Mitsubishi Lancer 1600 GSR, gari dogo la Kijapani ambalo watu wengi wa Ulaya walikuwa hawajalisikia, mwelekezi wake akiwa David Doig. Nyuma yake, katika nafasi ya pili, alimaliza Björn Waldegård wa Sweden akiwa na Porsche 911. Kwa Mitsubishi, huo ulikuwa ushindi wa kwanza katika mashindano ya ubingwa wa dunia, na jina la Lancer likaendelea kutajwa katika mbio za magari kwa zaidi ya miaka 30.

Msomaji anayedhani kwamba soko humtuza mshindi daima atashangaa. Porsche haikuwahi kushinda Safari katika miaka hiyo, ingawa ilikaribia mara kadhaa. Lakini Porsche 911 Carrera RS 2.7, toleo la 1973 ambalo juu yake magari ya mashindano ya wakati huo yalijengwa, leo ni miongoni mwa magari ya kale yanayotafutwa zaidi. Yaliyo mepesi zaidi katika toleo hilo yamewahi kuuzwa mnadani kwa zaidi ya dola milioni moja. Lancer 1600 GSR la kawaida halifiki hata karibu na hapo.

Sababu ni kadhaa. Kwanza ni uchache uliowekwa na kanuni. Ili gari likubaliwe katika mashindano, kiwanda kililazimika kutengeneza idadi fulani ya kuuzia umma. Porsche ilihitaji 500 na ikaishia kutengeneza 1,580. Idadi hiyo inajulikana, haiongezeki, na kila ajali huipunguza.

Pili ni jina la kiwanda, ambalo huendelea kutangazwa na magari mapya yanayotengenezwa hadi leo. Tatu ni kumbukumbu za kizazi. Kijana aliyebandika picha ya gari ukutani akiwa na miaka 15 hulinunua akiwa na miaka 50, anapokuwa na fedha. Ndiyo maana bei za magari ya miaka ya 1970 zilipaa wakati vijana wa enzi hiyo walipofikia kilele cha mapato yao, na ndiyo maana Subaru na Mitsubishi za miaka ya 1990 zinafuata njia hiyo hiyo sasa.

Nne ni matumizi. Gari la kale linalokubaliwa katika mashindano maalum lina thamani kuliko linalokaa ghalani. Mwaka wa 2003, miaka 50 tangu Safari ya kwanza, yalianzishwa mashindano ya East African Safari Classic kwa ajili ya magari ya zamani. Wageni wakaanza kurejea Kenya na Porsche 911 na Ford Escort zilizoandaliwa upya kwa gharama kubwa, nao waliokuwa nazo Ulaya wakagundua kwamba wana kitu kinachotafutwa.

SIMBA NA KIVULI CHAKE

Ushindi wa tatu wa Joginder ulikuja mwaka wa 1976, tena kwa Lancer, tena na Doig. Mitsubishi ilitwaa nafasi tatu za kwanza: Joginder, Robin Ulyate na Andrew Cowan. Akawa mtu wa kwanza kushinda Safari mara tatu. Rekodi hiyo ilivunjwa baadaye na Shekhar Mehta, mzaliwa wa Kampala, ambaye alishinda mara tano baina ya 1973 na 1982.

Watu walimwita Singasinga Arukaye. Wengine walimwita Simba wa Kenya. Katika nchi ambayo mara nyingi Wahindi na Waafrika waliishi kwa kutazamana kwa mbali, kilemba chake kilishangiliwa kando ya barabara na watoto wasiojua lolote kuhusu Punjab. Aliacha kushiriki Safari mwaka wa 1980, na baadaye akaishi Uingereza. Alifariki jijini London Oktoba 20, 2013, akiwa na umri wa miaka 81.

Kifo cha dereva huligusa soko pia, ingawa si jambo la kupendeza kulitaja. Dereva akiwa hai, anaweza kuulizwa kama gari hili ndilo alilolishika. Akifa, ushahidi hubaki kwenye karatasi, picha na namba zilizogongwa kwenye chuma. Hapo ndipo wadanganyifu hupata nafasi.

UKWELI UNA BEI

Timu za viwanda hazikuwa zikiyaabudu magari yao. Gari lilipogongwa, mwili wake ulibadilishwa. Injini ilihamishwa kutoka gari moja hadi jingine usiku kucha. Namba za usajili ziliweza kuonekana katika gari zaidi ya moja. Baada ya mbio, mengi yaliuzwa kwa bei ya chini, yakatumika mashambani, yakakatwa vipuri. Miaka 40 baadaye, mtu anaweza kuchukua gari la kawaida, akalipaka rangi za timu, akalifunga taa nne mbele na ngao ya chuma chini ya injini, kisha akatangaza kwamba liliwahi kupita Safari.

Kwa sababu hiyo mnunuzi makini huanza na namba ya chesisi na namba ya injini, akiuliza kama ndizo zilizotoka kiwandani. Hutafuta hati za umiliki bila pengo, fomu za wakaguzi wa mashindano, risiti za gereji na picha zenye tarehe. Hutafuta hata makovu. Mwaka wa 1968 Steve McQueen aliendesha Ford Mustang katika filamu ya Bullitt. Baadaye gari hilo lilinunuliwa kwa matumizi ya familia, halikupakwa rangi upya wala kunyooshwa mikunjo, na mnamo Januari 2020 liliuzwa mnadani Marekani kwa zaidi ya dola milioni 3.4. Lingepambwa likawa kama jipya, sehemu ya thamani yake ingefutwa pamoja na kutu.

Ni vyema pia kutofautisha bei inayotajwa na bei inayolipwa. Muuzaji hutaja kiasi akitazama mauzo ya juu kabisa aliyoyasikia. Mwaka wa 2018 Ferrari 250 GTO, moja kati ya 36 tu, iliuzwa Marekani kwa dola milioni 48.4, na kila mwenye gari jekundu akaanza kuota. Lakini mauzo ya namna hiyo hutokea mara chache. Gari lisilo na hati linaweza kutangazwa miaka mitatu bila mnunuzi, wakati lenye hati huuzwa kimya kimya bila hata kutangazwa.

KILICHOBAKI KWETU

Kenya ilitoa barabara, madereva na mafundi. Magari yenyewe mengi hayapo. Nissan imeyatunza kadhaa ya magari yake ya Safari katika mkusanyo wake huko Zama, Japani. Mengine yako mikononi mwa wakusanyaji wa Ulaya. Kuyarudisha nchini si rahisi, kwa kuwa kanuni za viwango za Kenya, kwa kawaida, haziruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika lenye umri wa zaidi ya miaka minane. Kanuni hiyo ilikusudiwa kuzuia vyuma chakavu, na kwa mwananchi wa kawaida ina faida zake. Lakini haitofautishi kirahisi baina ya chuma chakavu na urithi.

Barabara nazo zimebadilika. Njia ya Kibwezi kupitia Mutomo hadi Kitui sasa ina lami, na hakuna mkazi wa huko anayeyalilia matope. Mama mjamzito anafika hospitalini, embe zinafika sokoni kabla ya kuoza. Safari iliporudi katika ubingwa wa dunia mwaka wa 2021, baada ya kukosekana tangu 2002, ilipiga kambi Naivasha. Mtoto wa Ikutha wa leo huiona kwenye simu.

Kilichobaki Ukambani ni ushahidi. Kuna wazee wa Kibwezi na Mutomo waliosimama kando ya barabara wakati wa Pasaka, wakasukuma magari yaliyozama mchangani, na wanaokumbuka lipi lilipita kwanza. Kuna mafundi wastaafu waliofungua injini hizo. Kuna picha za rangi iliyofifia ndani ya masanduku ya bati, zenye namba mlangoni na tarehe nyuma yake. Wenye nazo huenda hawajui kwamba mahali pengine duniani, picha moja ya aina hiyo inaweza kuamua kama gari fulani ni la kweli au la kughushi, na hivyo kuamua tofauti ya mamilioni ya shilingi.

Makavazi ya taifa na serikali za kaunti za Makueni na Kitui zingeweza kuianza kazi hiyo bila gharama kubwa: kurekodi simulizi, kunakili picha na kuzirudisha kwa wenyewe, kuandika majina ya mafundi. Hakuna anayesema picha zote zitaleta fedha. Nyingi hazitaleta hata senti. Lakini wazee hao wanapungua kila mwaka, na wakiondoka, historia ya barabara zetu itaandikwa na wauzaji wa magari ya wengine.

Joginder Singh hakuacha fundisho refu kuhusu fedha. Aliacha mfano. Alilichukua gari ambalo wenyewe walikuwa wameona limemaliza kazi, akalijua kila msumari, akalipitisha katika tope lililowashinda wakubwa. Thamani yake iliongezwa na kazi ya mikono na umahiri wa dereva, ikathibitishwa na njia ngumu. Bei zinazotajwa leo katika minada ya mbali ni mwangwi wa kazi kama hiyo, na waliokuwa kando ya njia wana haki ya kutajwa ndani yake.